Maombi 800 kwa sekunde, na bado wazazi walikwama

Mwaka jana, siku chache kabla ya rantre, yaani kufunguliwa kwa shule, mwenzetu mmoja katika ofisi yetu hapa Lubumbashi alifungua laptopu, akaingia ndani ya seva ya shule tunayoihudumia, akaandika amri ya mstari mmoja ya ApacheBench, ile tunayoiita ab, programu inayorusha maombi ya ukurasa kwa seva na kuhesabu yanayojibiwa. Tovuti ya kuandikisha wanafunzi ikajibu maombi zaidi ya 800 kwa sekunde. Tukapongezana, tukafunga ofisi mapema. Jumatatu saa mbili asubuhi wazazi wa Katuba na Ruashi wakaanza kupiga simu kwamba ukurasa hauji. Kufika saa nne prefe, mkuu wa shule, alikuwa ameamuru madaftari yarudishwe mezani, na foleni ikatoka hadi barabarani.

Tangu siku ile ofisi ina kambi mbili. Yaya wetu mmoja, yaani mkubwa wetu, aliyeianza kazi hii kabla yetu sote, anasema tulipima kizembe, na dawa ni kupima vizuri kila mwaka kabla ya shule kufunguliwa. Vijana wanasema kupima ni maigizo: weka ufuatiliaji, tazama watu wa kweli wanavyotumia tovuti, rekebisha panapouma. Mimi niko karibu zaidi na vijana, ila si kwa sababu wanazozitoa wao.

Kwanza ile 800. Amri iliendeshwa ndani ya seva yenyewe, kwa hiyo hakuna ombi lililosafiri hata mita moja. Iligonga ukurasa wa mbele peke yake. Tena ab, usipoiongezea alama ya -k, hufunga koneksio kila inapopata jibu. Kivinjari cha mzazi hakifanyi hivyo. Kwa HTTP/1.1, lugha ambayo kivinjari huongea na seva, hufungua koneksio hadi 6 kwenye tovuti moja ili kivute picha na mitindo kwa pamoja, kisha huzishikilia. Seva yetu ilikuwa inatumia Apache, programu ya kuhudumia tovuti, kwa mtindo wa prefork, ambao kila koneksio humilikiwa na mchakato mmoja, na kikomo chake cha kawaida ni michakato 256. Gawanya 256 kwa 6, unapata karibu 43. Wazazi 43 wakifungua ukurasa kwa pamoja wanaweza kuijaza seva nzima, na hata wakiwa wamemaliza kupakua, kila koneksio hubaki imeshikwa sekunde 5 nyingine ikisubiri kama kuna ombi jipya. Prosesa ilikuwa imepumzika wakati mlango umeziba. Namba 800 haikuwa ya uongo, lakini ilijibu swali ambalo hakuna mzazi aliyeliuliza.

Tulibishana majuma mawili kuhusu chanzo. Mmoja alisema ni hifadhidata, mwingine akasema ni mtandao wa simu, na kwa mazoea ya hapa kwetu SNEL, shirika la umeme, nayo ikasingiziwa, ingawa seva iko Ujerumani. Kumbe jibu lilikuwa limelala kwenye faili la logi muda wote: mstari mmoja unaosema kikomo cha MaxRequestWorkers, ile michakato 256, kimefikiwa. Apache huuandika mara moja tu, kisha hunyamaza mpaka iwashwe upya. Hakuna aliyekuwa na desturi ya kufungua faili lile. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa ya upande wa ufuatiliaji.

Yaya naye ana hoja, na nzuri. Ufuatiliaji hukuonyesha moto nyumba ikiwa tayari inaungua. Shule ina siku moja ya kuandikisha kwa mwaka. Huwezi kujifunzia kwa wazazi siku hiyo hiyo. Anasema vilevile kwamba programu za kupimia zimeendelea, na ni kweli. JMeter iko tangu 1998, Locust unaiandikia mwendo wa mtumiaji kwa Python, k6 kwa JavaScript, zote huria. Kilichomvutia zaidi kwenye k6 ni kwamba unaweza kuamuru watu wapya 30 waingie kila sekunde, seva itake isitake.

Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Vipimo vingi hutuma ombi, husubiri jibu, ndipo hutuma lingine. Seva ikiganda sekunde 30, kipimo nacho huganda pamoja nayo, halafu kinaandika kwamba ni maombi machache tu yaliyochelewa. Ni sawa na kuhesabu watu wanaongoja taxi-bus pale komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa kuhesabu wale waliokwisha kupanda. Gil Tene, mhandisi aliyelieleza kosa hili kwa kina, alitengeneza programu ya kupimia iitwayo wrk2 kwa ajili ya kulirekebisha. Wazazi hawasubiri seva ipone ndipo waje.

Tatizo ni gharama, na hapa Lubumbashi gharama si neno la kubahatisha. Chukua ukurasa wa kilobaiti 500, uombwe mara 50 kwa sekunde. Hizo ni megabaiti 25 kila sekunde, yaani megabiti 200. Koneksio ya ofisi yetu haikaribii hapo. Utakuwa unapima antena yako, si seva. Na hata ingekaribia, dakika 5 zingekula gigabaiti 7.5 za mega, yaani data ya intaneti, ulizonunua kwa pesa yako. Basi unakodi mashine karibu na seva kwa saa moja. Ni rahisi, lakini umeifuta barabara. Kutoka hapa hadi Frankfurt, kule Ujerumani, ni kilomita 7,000 hivi kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 70, nawe huna kebo iliyonyooka. Kabla ukurasa haujaanza kushuka, simu ya mzazi imeshakwenda na kurudi mara kadhaa kwa salamu tu za TCP na usimbaji, yaani za kufungua koneksio na kuifunga kwa siri. Halafu kuna malipo. Huwezi kurusha maombi ya majaribio kwenye mlango wa M-Pesa au Airtel Money. Unaweka mlango bandia. Wa bandia hujibu papo hapo. Wa kweli humngoja mama atafute miwani, aandike PIN yake, akosee, aandike tena. Sehemu iliyo polepole kuliko zote ndiyo unayoitoa kwenye kipimo.

(Na kama seva ni ya kushirikiana na wateja wengine, omba ruhusa kwanza. Mwenye seva hana namna ya kujua kwamba mafuriko yale ni yako, anaweza kukufungia akaunti kama mshambulizi.)

Lakini vijana nao wasijidanganye. Walipoweka Prometheus na Grafana, programu za kukusanya vipimo vya seva na kuvichora, kwa mara ya kwanza, waliziweka kwenye kompyuta ya ofisini. Usiku wa delestaji, umeme ukikatwa kwa zamu, kengele zikalia kwamba tovuti imekufa, kumbe ni sisi tuliokosa umeme. Mlinzi lazima akae mbali na nyumba anayoilinda na mbali na stabiliza yetu, kile kifaa cha kutuliza umeme, pia. Kosa la pili ni wastani. Wazazi 95 wakijibiwa kwa sekunde 0.3 na watano kwa sekunde 20, wastani unasoma 1.3, muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona. Na kama kuandikisha mtoto kuna kurasa 10, zaidi ya theluthi moja ya wazazi watakutana na ucheleweshaji ule angalau mara moja. Ndiyo maana mstari wa kutazama ni asilimia ya 95 na ya 99, yaani muda ambao maombi 95, au 99, kati ya 100 yamejibiwa ndani yake.

Basi mwaka huu tulianza na ufuatiliaji, kipimo kikafuata. Tuliweka Nginx, programu nyingine ya kuhudumia tovuti, mbele, nyuma yake michakato 40 ya PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti yetu. Ombi likichukua robo sekunde, hiyo ni 160 kwa sekunde. Hifadhidata ikivuta hadi sekunde 2, zinabaki 20, huku prosesa ikionekana imelala. Bila mchoro wa upande wa seva, k6 ingetuambia tu kwamba mambo yameharibika. Mchoro ulituonyesha swali moja la hifadhidata lililokuwa linapekua jedwali zima la wanafunzi kila jina lilipotafutwa. Kuongeza faharasa, orodha inayoielekeza hifadhidata moja kwa moja kwenye jina, kulichukua dakika kumi.

Prefe aliomba dashibodi iwekwe kwenye simu yake. Sasa mstari ukipanda usiku anatupigia kabla hata kengele haijalia, na karibu kila mara ni nakala ya akiba ya saa saba.