Chaja ya Ampia 23

Chanzo ni LUKU. Ilikuwa Julai, na Dodoma ya Julai si mchezo: upepo wa Nkuhungu unapenya hata blanketi mbili, na kila anayeamka anakimbilia birika la umeme. Uniti zikawa zinayeyuka. Nikaapa kumtafuta mwizi humo humo ndani, tena kwa hesabu.

Hesabu yenyewe niliikumbuka nusunusu toka sekondari: kuna wati, kuna volti, kimoja unakigawa kwa kingine, unapata ampia. Kipi kwa kipi? Nikaamua kwa heshima. Umeme wetu ni volti 230, ndiye mwenye nyumba, basi akae juu.

Nikapindua birika, nikamulika kibandiko kwa tochi ya simu: wati 2,000. 230 gawa kwa 2,000, ampia 0.115. Pasi, wati 1,000: 0.23. Kumbe tunaishi kwa kubana matumizi! Nikafika kwenye chaja ya simu, wati 10. Ampia 23.

Hapo mwenye akili angeshtuka. Pasi ile iliwahi kunitoboa shati la sikukuu. Chaja haijawahi kupasha hata kijiko. Lakini mtu akishashika kalamu na daftari hashtuki tena. Nikatoa tangazo: simu zote zikachajiwe kibandani kwa muuza vocha. Mama mkwe, aliyeingia kesho yake kutoka Kondoa, alikabidhi simu yake bila neno. Nikawasikia tu jikoni na mke wangu wakicheka.

Birika nalo halikusalimika. Nilichokonoa plagi kwa bisibisi, ikachomoka fyuzi ya ampia 13: kidude cheupe mfano wa kidonge, kofia za chuma huku na huku. Ya 13 ya nini kwa chombo cha 0.115? Nikaweka ya 3, ndogo kuliko zote nilizokuta soko la Majengo, na hata hiyo niliiona ni ufujaji.

Asubuhi mama mkwe akaomba chai. Nikabonyeza. Taa ikawaka, maji yakaanza kunong'ona, mara kimya. "Fyuzi feki hizi," nikasema. Nikaweka ya pili. Kimya. Kufika ya tatu mama mkwe alishajifunga khanga ya pili mabegani.

"Baba Neema, maji hayo ni ya chai au ya mazoezi?"

Jirani akaleta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, eti tuizungushie fyuzi. Neema, yuko kidato cha tatu, akamnyang'anya: "Hiyo haikatiki, itaungua waya kwanza!" Kisha akachukua daftari langu, akalisoma kama anayesahihisha mtihani wa mtoro.

"Baba, umegeuza. Wati juu, volti chini. 2,000 kwa 230 ni 8.7. Ya 3 lazima ikatike, na ya 5 haitoshi. Inayofaa ni ya 13, ile uliyoitoa."

"Na chaja?"

"0.04."

Ile ya 13 ilikuwa mfukoni mwa suruali. Suruali ilikuwa kwenye beseni la sabuni.

Chai ikapikwa kwa mkaa. Mama mkwe akanywa taratibu, akanitazama juu ya kikombe.

"Sasa simu yangu nikaichukue kibandani, mkwe, au bado ina ampia?"