Ina mapigo mangapi?

Juzi kijana mmoja wa Jang'ombe, hapa Unguja, kanitumia klipu ya sekunde nane kwenye WhatsApp. DJ wa huko Marekani, mkono mmoja juu ya santuri, mwingine kwenye miksa, vidole vinakwenda mbio kama vya mwizi wa karanga. Chini yake kaandika: "Kaka, hii kombo inaitwaje?" Kombo ni skrachi zilizounganishwa mfululizo, na skrachi ni ile mikwaruzo anayoitoa DJ kwa kusukuma na kurudisha santuri kwa mkono. Nikamjibu: ina mapigo mangapi? Akanyamaza kutwa nzima. Baada ya Isha ndiyo anarudi: "Mapigo vipi?"

Mapigo ni zile sauti zinazosikika moja moja ndani ya kombo. Simcheki, maana huyo nilikuwa mimi miaka sita nyuma. Nilikuwa na daftari zima la majina ya skrachi: bebi, chapu, transfoma, flea, obiti, krabu. Ukinitajia jina nakueleza historia yake. Ukinifumba macho ukanipigia, sijui alifu wala be.

Siku hizi nina msimamo mmoja, na wapo madijei wenzangu watakaonuna. Kuanza kujifunza kombo kwa kutafuta jina lake ni kupoteza muda, na kuanza kwa kukodolea vidole macho ni kupoteza muda zaidi. Kombo inaingia kwa sikio, inapita mdomoni, ndiyo ifike mkononi. Ukiruka kituo kimoja hapo, mkono utafanya kitu, lakini si kile ulichokisikia.

Tazama majina yenyewe yalivyo. Flea imeitwa hivyo kwa sababu aliyeibuni, mwishoni mwa miaka ya 1980, anajiita DJ Flare. Ni sawa na kuiita chapati kwa jina la mpishi: utamjua aliyeisukuma, hutajua kama ina samli. Transfoma, siyo ile ya umeme iliyopanda juu ya nguzo, ilifananishwa na sauti za maroboti ya katuni. Krabu ni kaa, kwa namna vidole vinavyotambaa kwenye krosifeda, ile swichi ya kuteleza ya miksa inayofungua na kufunga sauti. Jina moja limetoka kwa mtu, la pili kwenye televisheni, la tatu ufukweni. Lipi kati ya hayo linakwambia sauti zinakatwa mara ngapi? Na skrachi yenyewe ilipozaliwa, katikati ya miaka ya 1970 huko Bronx, haikuwa na jina. Grand Wizzard Theodore, DJ anayetajwa kuianzisha, anasimulia kwamba mama yake aliingia chumbani kumgombeza kwa makelele, yeye akaishika santuri kwa mkono ili amsikilize, na katika kuisukuma na kuirudisha akakisikia kitu. Alisikia kwanza.

Aliyenizindua mimi ni mjomba wangu, mpigaji wa kidumbak, ile taarab ya mitaani, tangu ujana wake, mtu ambaye hajagusa miksa maishani. Nilimkuta barazani Kikwajuni, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamsogezea simu sikioni.

"Shikamoo mjomba. Hebu sikiliza hii."

"Marahaba. Nini hii, panya kaingia kabatini?"

Lakini akataka nirudie. Nikarudia mara tatu. Skrini hakuiangalia, alikuwa anatazama wapita njia. Kisha akaanza kugonga kwa kucha kwenye ukingo wa kikombe: ta-ka-ta, ta-ka-ta. "Sita," akasema. "Tatu zinakwenda, tatu zinarudi. Zile zinazorudi zimekatwa mkia."

Nilikaa kimya. Kombo ile nilikuwa nayo wiki ya tatu, na mimi nilikuwa nahesabu tano.

Alichokisikia mjomba ni obiti ya kliki mbili, yaani flea inayopigwa kwenda na kurudi. Santuri inasukumwa mbele huku krosifeda iko wazi, kidole kinaifunga na kuifungua haraka mara mbili, hizo ndizo kliki mbili, na msukumo mmoja unagawika sauti tatu. Mkono unaporudi, mchezo ni ule ule: tatu nyingine. Ukifanya kwa kliki moja, unapata mbili kwenda na mbili kurudi, nne. Hesabu hii haina siri yoyote, na ingetosha kunipa jibu siku ya kwanza kama ningekaa na sikio badala ya kukaa na jina.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo namna ya kuitambua kombo, namwambia ahesabu kwanza, halafu atafute mwelekeo. Wengi tunafanyia mazoezi ile "ahh" na ile "fresh" zilizomo mwishoni mwa rekodi ya Fab 5 Freddy ya mwaka 1982; zimeskrachiwa mpaka zimekuwa kama chumvi jikoni. Uzuri wa "fresh" ni kwamba inajitambulisha. Ikienda mbele unasikia neno likifunguka na kumalizikia kwenye "shhh". Ikirudi, "shhh" inatangulia na neno linaishia ghafla, kama mtu kafungiwa mlango usoni. Huo ndio mkia uliokatwa alioutaja mjomba. Hakuwa na msamiati wa kidijei, na wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Halafu sikiliza ukimya, na hapa ndipo penye utamu. Sauti ikikatwa kwa krosifeda, ukimya wake mkavu, kama kisu kwenye muhogo mbichi. Ikigawanywa kwa mkono wa santuri, yaani ukasukuma, ukasita kidogo, ukasukuma tena, haikatiki: inanyong'onyea, inashuka, halafu inainuka. Ukishaupata ukimya, rudi kwenye mwanzo wa sauti ya kwanza. Flea huanza krosifeda ikiwa wazi, basi sauti ya kwanza inaingia pamoja na mkono, imevimba kidogo. Transfoma na krabu huanza ikiwa imefungwa; santuri inakuwa imeshaondoka ndipo mlango unafunguliwa, na sauti ya kwanza inakuja na ncha kali. Zote zinaweza kukupa sauti tatu kwa msukumo mmoja. Mimi miezi miwili mizima niliipiga flea ya kliki mbili kwa vidole vya krabu, hesabu imetimia, ladha imekwenda kombo, nisijue kwa nini. Nilimlaumu hata fundi aliyenibadilishia krosifeda. Fundi wa watu hakuwa na kosa.

Macho, kwa upande wao, yanadanganya. Wako madijei wengi wanaogeuza krosifeda, kushoto ikawa kulia. Wenyewe wanaita hamsta, kwa jina la kundi moja la California lililozoea kupiga hivyo. Ukiiga mkono wa mpiga hamsta na miksa yako haijageuzwa, unafunga pale anapofungua. Kuna video pia zimerekodiwa kwa kamera ya mbele ya simu, kila kitu kimegeuka kama kwenye kioo. Sikio halina kushoto wala kulia.

Hivi ndivyo ninavyofanya mwenyewe. Napunguza mwendo wa video mpaka nusu, ikibidi robo, nageuza simu kifudifudi, nasikiliza. Nikishahesabu naitamka kwa mdomo, na kama ulimi hauwezi mkono nao siupeleki. Halafu naichora. Mwaka 2000 John Carluccio na wenzake walitoa namna ya kuandika skrachi: wakati unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, mstari ukipanda santuri inakwenda mbele, ukishuka inarudi, mstari ukikatika krosifeda imefungwa. Lile daftari langu la majina sasa limejaa milima na mabonde. Mke wangu akilifungua anadhani nasomea upimaji ardhi.

Na tuna urithi ambao tunaudharau. Mtoto aliyekulia Unguja au Pemba kasikia ngoma zinazokwenda tatu-tatu kabla hajajua kuvaa viatu. Sauti sita za obiti ya kliki mbili ndani ya pigo moja la bitii ni tatu-tatu hiyo hiyo. Vijana wengi huku wanaanza na nne, kwa kuwa video nyingi za mafunzo zinaanza na nne, wanahangaika mpaka wanakata tamaa. Mimi ningewaanzishia sita. Bitii ya polepole, mapigo sitini kwa dakika, na ta-ka-ta mdomoni. Najua si kawaida. Jaribuni halafu mje mnitukane.

Sisemi majina yatupwe baharini. Ukiongea na DJ wa Dar au wa Mombasa, "obiti" inawaokoa wote wawili dakika tano za kuiga sauti kwa mdomo. Jina ni la kuongelea, basi. Na kuna mahali hata kombo yenyewe haina kazi. Kwenye shughuli moja ya harusi Fuoni niliona nimepata nafasi, wimbo umefika palipo wazi, nikatia kombo yangu ya jasho la miezi mitatu. Bibi mmoja akainuka kwenye kiti, kaja mpaka mezani na kanga yake mabegani, kaniinamia: "Mwanangu, mashine yako imekwama. Izime kidogo ipoe." Nikaizima.

Ombi dogo, kwa kuwa limenitokea mara mbili. Msiniletee santuri za babu zenu nizitie mikwaruzo. Zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, si plastiki laini kama za leo. Zinavunjika kama sahani. Zitunzeni ndani ya kitambaa, mbali na hewa ya chumvi.

Yule kijana wa Jang'ombe alikuja Jumamosi. Nikamweka barazani na mjomba, nikaingia ndani kuwasha mashine. Kabla sijafika kwenye swichi, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikasikia kijana anaanza kwa mdomo gizani, ta-ka-ta, ta-ka-ta, taratibu, kisha akaongeza mwendo.

"Rudia," mjomba akamwambia. "Ya tano umeichelewesha."