Hujamshusha mtoto, umemhamisha

Kila Januari neno ni lile lile. "Fulani kamshusha mtoto Kayumba." Yaani kamtoa inglishi midiamu, kampeleka shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili. Kamshusha, kana kwamba mtoto ni gunia la mkaa kwenye Fuso. Mzazi aliyekaa na kalamu, akajumlisha ada, basi la shule, sare za aina tatu na safari za kwenda kuona simba, akaamua mapema, anasemwa mtaa mzima. Anayekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kila muhula ili mtoto aendelee kupanda basi la njano, huyo anaitwa mpambanaji.

Haya, tusidanganyane pia. Kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na kwenye Kayumba za mjini darasa la watoto mia na ushee si ajabu. Daftari halisahihishwi kila siku. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini hela ya uji, ya mlinzi, ya mitihani ya kujipima na fagio la chelewa vyote vinakungoja. Nimekubali, tuendelee.

Kinachomwangusha mtoto anayehama ni Kiswahili, hata kabla ya huo msongamano. Mzazi akiambiwa hivi anacheka, si ndiyo lugha ya sebuleni kwake? Sebuleni nani anataja namba shufwa? Nani anakaa kwenye kochi akazungumzia usanisinuru, au asili na kiasi cha sehemu? Mtoto wa inglishi midiamu anaweza kukutafutia KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani LCM ya Kiingereza) ya 12 na 18 kwa dakika moja, jibu 36. Asichojua ni hiyo KDS ni mdudu gani. Mwambie aandike kwa tarakimu "elfu hamsini na tatu na saba" uone. Anaandika 5307 badala ya 53,007, kwa sababu miaka yote namba kubwa amezisikia kwa Kiingereza tu.

Saa ndiyo balaa. Basi limeondoka Moshi saa 12:30 asubuhi, likafika Dar saa 9:15 alasiri, limetumia muda gani? Jibu ni saa 8 na dakika 45. Mtoto aliyefundishwa saa za Kiingereza anaona 12:30, anaona 9:15, anatoa ndogo kwenye kubwa, anapata saa 3 na dakika 15. Moshi hadi Dar, labda kwa ndege iliyochelewa. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mia hana muda wa kugundua kwamba huyu hakukosa hesabu, alikosa neno. Anapiga kosa, anavuta daftari linalofuata. Mwisho wa muhula mtoto ni wa themanini, na mtaa umepata ushahidi wake.

Na haya yanatibika kwa wiki sita! Anza katikati ya Novemba, uimalizie na likizo ya Desemba. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni, bure. Fungua mada moja kwenye vitabu viwili, cha Kiingereza kushoto, cha Kiswahili kulia. Kila siku mtoto aandike istilahi kumi kwa safu mbili kwenye daftari lake, kisha afanye maswali matano ya kitabu cha Kiswahili. Usimtafsirie. Akikwama kwenye "mzingo" arudi kwenye daftari, asirudi kwako. Jumamosi msomee namba kubwa kumi kwa mdomo aziandike, umalizie na maswali mawili ya saa. Kwa siku tano za wiki, wiki sita zinakupa istilahi 300, nazo zinatosha kumvusha.

Muda wa kuhama nao mnauchezea. Mhamishe anapoingia la tatu, au la tano baada ya upimaji wa darasa la nne. Wanaosubiri la sita "kwanza tuone hali" hawajatazama mtaala mpya: walioanza la tatu Januari 2024 wanamalizia msingi darasa la sita, mwaka 2027. Kwao la sita ndilo la mtihani. Kumbadilishia mtoto lugha ya mtihani mwaka wa mtihani ni ukatili, hata kama sababu ni deni.

Makaratasi yana mpangilio wake. Nenda kwanza shule unayoitaka ukahakikishe nafasi ipo, ndipo uombe uhamisho kule anakotoka. Chukua namba yake ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, linganisha jina lililomo na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Likitofautiana lirekebishwe kabla hajahama, la sivyo litakurudia kwenye usajili wa mtihani. Deni la ada lilipe au andikishianeni, maana shule inayokudai haina haraka ya kubonyeza chochote. Zipo za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Dar, lakini nazo zina ada, na nafasi zake zinagombewa.

Kisha kuna jambo ambalo wapenzi wa inglishi midiamu wanalo sahihi, na linaniuma kulikubali: kidato cha kwanza karibu masomo yote yanarudi Kiingereza, ukiacha Kiswahili chenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo ile ada uliyookoa usiimalizie kwenye king'amuzi. Tenga sehemu yake ununue vitabu vya hadithi vya Kiingereza, mtoto asome kwa sauti dakika 20 kila jioni, umsikilize hata kama wewe mwenyewe unababaisha. Kiingereza kisipoguswa kinayeyuka ndani ya mwaka.

Wiki ya kwanza aende kwa miguu na watoto wa jirani. Ukimpeleka na gari hadi mlangoni, jina la utani atakuwa nalo kabla ya kengele ya uji.