Kosa la kiwandani lina bei, kovu la mtaani halina

Hapa Tabora mazungumzo ya sarafu za zamani yana kambi mbili. Ya kwanza inaamini kwamba shilingi yoyote ya 1966 iliyopinda au kufutika maandishi ina mnunuzi wake wa mamilioni huko ng'ambo. Ya pili inasema huo ni utapeli mtupu, wa ukoo mmoja na zile habari za mali ya Mjerumani zinazowafanya watu wachimbe chini ya miembe usiku. Hakuna mwenye akili timamu, wanasema, atakayetoa fedha nyingi kwa sarafu mbovu wakati nzima zimejaa. Kuhusu utapeli, nipo nao. Kuhusu mwenye akili timamu, hapana. Mtu huyo yupo, na analofanya lina hesabu zake.

Mwaka 2008 kiwanda cha sarafu cha Uingereza, Royal Mint, kilibadilisha sura ya peni 20. Tarehe, ambayo ilikuwa upande wa nyuma, ilitakiwa kuhamia upande wa Malkia. Muhuri (kile chuma kinachogonga picha kwenye sarafu) mpya wa nyuma ukafungwa pamoja na muhuri wa zamani wa Malkia, na sarafu zikaingia mitaani bila mwaka upande wowote. Hazikuwa na doa: uzito ule ule, pembe saba zile zile. Makadirio yanazitaja kati ya 50,000 na 200,000 hivi, na watu wakawa wanazinunua kwa pauni 50 na zaidi. Marekani nako, mwaka 1955, senti kadhaa zilitoka na maandishi mawili-mawili, kama anayeyatazama kalewa. Kiwanda cha Philadelphia kiligundua, kikaamua kwamba zimeshachanganyika na mamilioni ya nzima, kikaziachia. Nyingi zilifika kwa watu ndani ya pakiti za sigara zilizouzwa kwa mashine, maana chenji ya senti mbili ilikuwa inafungwa humo humo pakitini. Leo ile yenye hali nzuri hupita dola 1,000.

Mnunuzi hapo analipia kitu ambacho hakuna awezaye kukifanya upya baada ya sarafu kutoka mashineni. Sarafu huzaliwa kipande cha metali kinapobanwa katikati ya mihuri miwili. Kipande kikikaa pembeni, kikikatwa vibaya, muhuri ukipasuka au ukizunguka mahali pake, hilo ni kosa la kiwandani. Yaliyotokea baadaye, kwa nyundo, kwa gari au kwa moto wa jikoni, ni uharibifu tu. Chukua shilingi ya 1966, ishike juu na chini kwa vidole viwili, kichwa cha Mwalimu kikiwa wima, kisha izungushe ubavu kwa ubavu. Mwenge wa upande wa pili unatakiwa uwe wima vilevile. Ukiukuta umelala upande, muhuri ulizunguka, na hapo pana la kuzungumza. Ukiukuta wima lakini umesagika, umeshika shilingi iliyotumika sana, basi. Zile senti tano na kumi za Afrika Mashariki zenye tundu zinafundisha jambo hilo hilo: isiyotobolewa tangu kiwandani inatafutwa, ila yenye tundu la pili ni kazi ya mtu na msumari wake.

Mbona haya yanauhusu mji huu kuliko mingine? Kwa sababu sarafu zilifuliwa hapa. Mwaka 1916, koloni la Wajerumani likiwa limefungiwa baharini na manowari za Waingereza na fedha haziji tena kutoka kwao, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Zilitoka heller 5 (heller ndiyo iliyokuwa senti ya rupia ya Wajerumani) za shaba na zinki, yaani ile metali ya njano, heller 20 za njano na nyingine za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zote zina herufi T. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini, kazi ikawa imekwisha.

Mihuri ilichongwa kwa mkono, mashine hazikuwa za kazi hiyo, na heller 20 zilizotoka zilipita milioni moja. Matokeo yake ni fujo ambayo wakusanyaji wanaipenda kuliko sarafu safi ya Berlin. Kuna taji kubwa na taji dogo. Kuna L za neno HELLER zenye ncha zilizochongoka na zenye ncha zilizojikunja. Taji na L hizo zikipandana kwa namna fulani, bei inaruka mara nyingi, wakati sarafu hiyo na ya kawaida ukiziweka sokoni mbele ya muuza vyombo chakavu, atazipima pamoja.

Wakali wa fani watasema hizo ni aina tofauti, hazihesabiwi kuwa makosa. Ni kweli, na katalogi zinazitenga hivyo. Lakini kinacholipiwa ni kile kile: alama iliyoachwa na mkono wa fundi kabla sarafu haijamfikia mtu.

Namba ambayo huwa nairudia sana ni ya yule tembo. Rupia 15 za Tabora zilikuwa 16,198 tu. Humo, pambo la ukingoni lina sura mbili: katika moja linaishia chini ya T ya OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A inayofuata. Sura moja ilitoka vipande 9,803, nyingine 6,395. Herufi mbili jirani! Ungetegemea zile chache ziwe ghali sana kuliko wenzake, lakini bei zake hazipishani kwa kiasi hicho, kwa kuwa anayemtaka tembo wa Tabora anamtaka yeyote atakayempata. Uchache peke yake haununui kitu mpaka awepo anayeutaka. Sasa tazama upande wa sonara. Sarafu hiyo ina gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi za dhahabu safi. Sonara atalipia hizo gramu 5.4 na hana kosa, ndiyo biashara yake. Mnadani Ulaya kipande kile kile hulipiwa mara kadhaa ya dhahabu yake. Na vile vilivyochomewa kikonyo ili vivaliwe shingoni vimeshapoteza sehemu kubwa ya tofauti hiyo, hata kikonyo kikiondolewa, maana pale pa moto hapafichiki. Kila kilichoyeyushwa kimepunguza ile 16,198, na anayefaidika ni mwenye kipande kilichobaki, ambaye mara nyingi hayupo Tabora.

Wapinzani wana hoja, na nzito. Bei nyingi zinazosambaa kwenye simu ni za mtu aliyetaja anachokitamani. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Kuthibitishwa na wapimaji wa Marekani ni gharama, kusafirisha ni gharama, na mwenye kipande kimoja anaweza kumaliza faida yake njiani. Bandia nazo ni tele: tembo wa Tabora ameigizwa mno kwa ajili ya mapambo, na senti ya Marekani ya 1943, ambayo chache sana zilifuliwa kwa shaba mwaka ambao nyingine zote zilikuwa za chuma, watu wanaipaka shaba chuma kile kile, kisha sumaku inawaumbua. Yule anayekutaka utume ada kwanza ndipo mnunuzi aje, huyo mjue ni ndugu wa "tuma kwenye namba hii".

Kinachonikera ni kwamba kambi zote mbili zinaisugua sarafu. Anayeamini mamilioni anaisugua ili mnunuzi avutike. Asiyeamini anaisugua kwa kuwa ni uchafu. Limau, majivu, stilwaya. Heller ya njano iliyokuwa na rangi ya kahawa iliyokolea inatoka inang'aa mithili ya bomba jipya, na ule mstari mwembamba uliopita juu ya taji, alama ya muhuri uliopasuka, unapotea ndani ya mikwaruzo mipya. Mkusanyaji akiipokea anaijua mara moja, na bei anayotaja huwa chini sana ya aliyoikusudia.

Kwa hiyo mwenye nayo aiache ilivyo, aipimie kwenye mizani ya sonara, apige picha pande zote mbili na ubavu wake, aulize zilizouzwa ziliuzwaje. Mara nyingi ataambiwa ni aina ya kawaida, imechakaa. Hiyo haitajenga nyumba, ingawa hata bei ya hiyo inazidi mbali anayotoa yule anayeinunua kwa uzito wa shaba.