Rootvg ivuke au ibaki? Kuwasha patisheni kwa diski rudufu

Wanaosimamia seva za IBM Power zinazoendesha AIX, mfumo endeshi wa IBM, wana ubishi usiokwisha. Kituo kikuu kikianguka, patisheni (seva pepe ndani ya mashine) ya kituo cha akiba iwashwe kutoka kwenye nakala ya rootvg ya uzalishaji, yaani ya seva inayofanya kazi halisi, au iwe na rootvg yake yenyewe na ipokee diski za data tu? Rootvg ndilo kundi la diski lenye mfumo endeshi: watumiaji na nywila zao, ratiba za cron (kazi zinazojiendesha kwa saa), mipangilio ya mtandao, viraka vyote. Kwa hiyo swali hasa ni kama tunahamisha data peke yake au tunahamisha seva nzima na tabia zake.

Kwamba patisheni itawaka, hilo halina mjadala. Patisheni ya akiba huandaliwa mapema na kuachwa imezimwa. WWPN zake (anwani za milango yake ya diski) huingizwa kwenye zoni za SAN, mtandao wa diski, na diski zinazopokea nakala huelekezwa kwake. Siku ya tukio unasitisha urudufishaji ili diski hizo ziandikike, maana AIX haiwezi kuwaka kwenye rootvg isiyoandikika. Kisha unaingia menyu ya SMS (System Management Services, ya kabla mfumo haujawaka) na kuchagua diski kwa mkono, kwa sababu orodha ya diski za kuwashia hukaa kwenye NVRAM, kumbukumbu ya kudumu ya patisheni. Haisafiri na diski. Hapo mfumo unaamka kama seva iliyokatikiwa umeme: JFS2, mfumo wa faili wa AIX, inapitia logi yake, hifadhidata inajirekebisha, kazi inaanza.

Wanaopendelea rootvg mbili wana hoja nzito. Mfumo wa kituo cha akiba unakuwa umewashwa muda wote, unaonekana kwenye ufuatiliaji, na unajua kadi zake na mtandao wake. Dharura ikija unaendesha importvg, amri ya kuingiza makundi ya diski, kwa makundi ya data, unapandisha mifumo ya faili, unaanzisha programu. Tena kosa la uzalishaji halikufuati. Mtu akifuta /usr kwa bahati mbaya, au kiraka kibovu kikiharibu mfumo, urudufishaji hupeleka uharibifu huo ng'ambo kwa uaminifu uleule unaopelekea data nzuri. Kinachokusubiri kule ni hitilafu ileile iliyokukwamisha huku.

Mimi lakini nina wasiwasi zaidi na jambo lisilopiga kengele: rootvg mbili kuachana kidogokidogo. Chukua mfano wa mtumiaji wa hifadhidata. Uzalishaji ana UID (namba ya mtumiaji) 1001. Kituo cha akiba alitengenezwa baada ya watumiaji wengine wawili, akapewa 1003. AIX huhifadhi namba, si jina. Siku ya dharura diski zinapanda vizuri kabisa, ila faili zote zinaonekana ni mali ya mtu mwingine, na hifadhidata inakataa kufunguka. Ongeza hapo thamani ya kernel (kiini cha mfumo) iliyobadilishwa usiku wa manane na haikuandikwa popote, ufunguo wa SSH wa mshirika mpya, kazi ya cron iliyowekwa Ijumaa jioni. Kwenye karatasi kuna utaratibu wa kubadilisha pande zote mbili. Kwenye ofisi yenye mafundi wawili na tiketi arobaini, sote tunajua upande upi husahaulika.

Rootvg ikivuka, balaa hilo linaondoka na jingine linaingia. Nakala huamka kama mtu aliyelala kwake akashtukia yuko kwa jirani: inatafuta vifaa ilivyovizoea, navyo havipo. ODM, hazina ya AIX ya taarifa za vifaa, bado inakumbuka mashine ya zamani. Ukilinganisha namba za sloti za adapta pepe pande zote mbili, unapunguza uwezekano wa kadi za mtandao kubadilika majina. Kuna pia sifa ya sys0 (kifaa kinachowakilisha mfumo mzima) iitwayo ghostdev, ambayo kwa kawaida ni 0. Ukiiweka 1, AIX ikigundua imeamkia kwingine hufuta kumbukumbu za vifaa na kuanza upya. Inasafisha, ndiyo, lakini makundi ya diski zaidi ya rootvg itabidi uyaingize tena, na anwani za mtandao uziweke upya. Halafu kuna leseni zilizofungwa kwenye namba ya mashine, na mashine za akiba ambazo mara nyingi ni zile zilizostaafishwa uzalishaji.

Hatari kubwa kuliko zote hujitokeza kwenye majaribio, wakati uzalishaji bado uko hai. Nakala ina jina lilelile na IP ileile, na cron yake haijui kwamba hili ni zoezi. Saa sita usiku itatuma faili za malipo na SMS kwa wateja, kama kawaida yake. Kwa hiyo jaribio lifanyike kwenye VLAN (mtandao pepe) iliyotengwa kabisa, na kwa nakala ya papo hapo iliyochukuliwa upande wa akiba, ili urudufishaji wenyewe usisimame.

Umbali nao una neno. Mwanga ndani ya nyuzi hutumia takriban maikrosekunde 5 kwa kilomita. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kama kilomita 450 kwa barabara, kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5 kabla hujahesabu vifaa vya njiani, na kila uandishi ungesubiri hivyo. Metro Mirror ya IBM, urudufishaji unaosubiri kila uandishi ufike upande wa pili, kwenye hifadhi za diski za DS8000 yenyewe huishia kilomita 300. Hapo hutakwepa urudufishaji usiosubiri, na utakachowasha kitakuwa nyuma kidogo. Sharti rootvg na data viwe kwenye kundi moja la uwiano, yaani vinakiliwe kwa wakati mmoja, visije vikaamka kila kimoja na saa yake.

Msimamo wangu: kama hifadhidata inajirudufisha yenyewe, kwa mfano kwa Data Guard ya Oracle, rootvg mbili hazina mbadala, maana upande wa pili lazima uwe hai. Kama urudufishaji ni wa diski na mafundi ni wachache, rootvg ivuke. Kazi ya kuamsha nakala ni ngumu, lakini inaonekana, inaandikika, na inafanyiwa mazoezi. Tofauti zilizojificha hazifanyiwi mazoezi. Ila mksysb, nakala ya akiba ya rootvg, ibaki kwenye seva ya NIM (ya kusakinishia AIX kwa mtandao) ya kituo cha akiba, kwa ajili ya siku ambayo kilichovuka ni uharibifu.

Sehemu ambayo mipango mingi huipa mstari mmoja tu ni safari ya kurudi. Urudufishaji ukigeuzwa, rootvg inayorejea imebeba IP za kituo cha akiba, majina mapya ya adapta na kila kilichobadilishwa kwa haraka wakati wa dharura. Nayo inaandikwa juu ya rootvg ya zamani, kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, chukua nakala ya hiyo ya zamani kwanza.