Wewe shifta, songa huko

Juzi niko kwa matatu ya Malindi, kiti cha nyuma, makanga akamwambia kijana mmoja wa Kisomali "wewe shifta, songa huko mkae wanne," gari zima likacheka. Kijana naye akacheka, kile kicheko cha mtu ambaye bado anadai chenji yake. Mimi sikucheka lakini pia sikusema kitu, ndio maana hasira nawamalizia nyinyi.

Hivi hilo neno tunalijua kweli? Kule Ethiopia shifta ni mtu aliyekosana na mtawala akaingia porini, anapora ndio, anavamia misafara ndio, lakini kila mtu anajua kuna ugomvi nyuma yake. Kassa Hailu alikuwa shifta huko Qwara, 1855 akavishwa taji akawa Tewodros wa Pili, mfalme wa Ethiopia yote. Shifta huyo! Sasa njoo kwetu: 1962 tume ya Mwingereza ikazunguka NFD, yaani ile wilaya ya mpakani kaskazini mwa Kenya, kuuliza watu, ikakuta Wasomali wa huko karibu wote wanataka kwenda Somalia, Mwingereza akafunga faili akaondoka, bunduki zikaanza kulia, na Desemba 28, 1963, uhuru hauna hata wiki tatu, hali ya hatari ikatangazwa. Wale wenye bunduki ni kina nani? Mashifta. Neno moja tu mjadala umekwisha, kwa sababu jambazi hupigwa, haulizwi anataka nini. Na mchunga ngamia aliyepita karibu naye ni shifta pia, na ngamia naye shifta, apigwe risasi, familia isukumwe kwenye manyatta ya seng'enge. Halafu 1967 tukaenda Arusha, Kaunda wa Zambia katikati, tukaelewana na Somalia mezani. Kumbe ilikuwa siasa! Hiyo hali ya hatari yenyewe haikuondolewa kaskazini mpaka 1991.

Na sio kwamba tuna njaa ya maneno. Wavamizi wa Baringo tunawaita majangili (Mtanzania akisikia anauliza tembo wangapi wamekufa), wa baharini maharamia, wa mjini majambazi, chagua.

Haya, najua mtasema mashifta walichoma vijiji. Hapo sibishi, nyanya yangu ni Mbajuni wa kule Kiunga, walikimbia usiku kwa mashua na kitu alichowahi kubeba ni mbuzi ya kukunia nazi, anayo mpaka leo, jino limelika limekuwa butu kama kijiko. Siku moja nikajifanya msomi nikamweleza mambo ya siasa na tume, akakuna nazi yake mpaka ikaisha, ndio akaniuliza, "Kwani nyumba yangu ilichomwa na tume?" Nikanyamaza.

Lakini hata yeye, pamoja na hayo yote, sukari ananunua kwa Msomali hapo chini na anamwita mwanangu. Sijawahi kumsikia akimwita shifta. Makanga wa juzi hata miaka 25 sidhani amefika, hajachomewa hata banda la kuku.

Kijana alishuka Kilifi. Chenji sikuona akipewa.