Mataji makuu ya gofu 2026: Fleetwood ana nafasi zaidi Shinnecock kuliko kwao Birkdale

Tukiingia msimu wa 2026, ukiuliza ni mchezaji gani wa Uingereza anaweza kutwaa moja ya mataji makuu manne ya gofu, yaani Masters, PGA Championship, US Open na The Open, utatajiwa kwanza Rory McIlroy. Ni haki yake. Mzaliwa huyo wa Ireland ya Kaskazini alishinda Masters ya 2025 kwa shimo la ziada, lile linalochezwa wanaoongoza wakilingana mikwaju, akafikisha mataji makuu matano na kuwa mchezaji wa sita katika historia kuyapata yote manne. Hapo hakuna ubishi. Ubishi upo kwa wanaomfuata.

Wengi wanamtaja Tommy Fleetwood, na sababu zao zina uzito. The Open ya Julai inachezwa Royal Birkdale, Southport, mji aliozaliwa. Agosti 2025 alishinda Tour Championship pale East Lake, ushindi wake wa kwanza PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya Marekani, baada ya kushiriki mashindano 164, na Oktoba akaongeza taji la Delhi. Wanasema mzigo ameshautua, na sasa anarudi kwenye upepo aliokulia.

Lakini Birkdale haijawahi kuwa na huruma kwa wenyeji. The Open imechezwa pale mara 10, kuanzia 1954 hadi 2017, na hakuna Mwingereza hata mmoja aliyeondoka na kombe. Wameshinda Waaustralia, Wamarekani, na Padraig Harrington wa Jamhuri ya Ireland. Tena tangu Nick Faldo ashinde Muirfield mwaka 1992, hakuna mchezaji wa England aliyeshinda The Open katika uwanja wowote. Fleetwood mwenyewe aliingia Birkdale 2017 mji mzima ukimtazama yeye, akaanza kwa mikwaju 76, sita juu ya kiwango cha uwanja, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Umati wa nyumbani unasukuma, na pia unalemea.

Kwa hiyo jicho langu liko Shinnecock Hills, New York, ambako US Open inarudi Juni. Huko ndiko Fleetwood alikopiga 63 siku ya mwisho mwaka 2018, akakosa taji kwa mkwaju mmoja nyuma ya Brooks Koepka. Kwenye shimo la 18 alikuwa na mpira wa kama mita mbili na nusu ambao ungempa 62. Ukapita pembeni.

Wanaopinga watasema 63 ile isitudanganye, na hoja yao nzuri. Mikwaju yake siku nne ilikuwa 75, 66, 78 na 63. Ile 78 ilikuja Jumamosi, jua na upepo vilipozikausha grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, hadi mipira iliyotua vizuri ikawa inateleza na kutoka nje. Usiku waandaaji wakamwagilia maji, na Jumapili nyasi zikapokea mpira tena. Isitoshe alianza siku ile akiwa nyuma kwa mikwaju sita, hana cha kupoteza. Kupiga 63 ukiwa nyuma si sawa na kulinda uongozi.

Na kulinda uongozi ndiko kulikomtesa. Juni 2025, kwenye mashindano ya Travelers, alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mkwaju mmoja. Mpira wake wa pili ukaishia mwanzoni mwa grini, mbali na bendera. Akahitaji mikwaju mitatu kuuingiza, na Keegan Bradley akachukua kombe. Miezi miwili baadaye, kwenye mashindano ya Memphis, aliongoza kwa mikwaju miwili yakiwa yamebaki mashimo matatu, na bado Mwingereza mwenzake Justin Rose ndiye aliyeshinda.

Bado namchagua, kwa sababu ya namna anavyopiga. Akishaugonga mpira, mikono yake inaishia karibu na usawa wa kifua. Haizungushi fimbo hadi mgongoni kama wengine. Mpira unatoka chini na hauyumbi. Kwenye upepo wa mbele kosa la kawaida ni kuongeza nguvu: mpira unazunguka kinyumenyume zaidi, unapanda, upepo unaudaka na unaanguka kabla ya kufika. Dawa ni kuchukua fimbo ya namba ndogo zaidi, tuseme 6 badala ya 8, ambayo hupeleka mpira chini na mbali zaidi, kuusogeza mpira kidogo kuelekea mguu wa nyuma, kisha kupiga taratibu. Wengine hulazimika kubadili mchezo wao ili kufanya hivyo. Kwa Fleetwood huo ndio mchezo wenyewe.

Robert MacIntyre, Mskoti wa Oban, alimaliza wa pili US Open 2025 pale Oakmont, mikwaju miwili nyuma ya J.J. Spaun. Hakuna Mskoti aliyeshinda taji kuu tangu Paul Lawrie, Carnoustie 1999. Mimi ningemtazama Augusta, uwanja wa Masters, kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto. Kati ya 2003 na 2014 wapigaji wa kushoto walishinda Masters mara sita. Chukua shimo la 12: grini imelala mshazari, upande wa kulia uko mbali zaidi, na mbele kuna kijito. Wa mkono wa kulia akikosea kuelekea kulia, mpira hupungua urefu na kutumbukia majini. Wa kushoto akiuvuta kuelekea kulia, mpira huongezeka urefu, na grini iko kule kule. Linalonitia shaka ni BMW Championship ya Agosti 2025: aliongoza kwa mikwaju minne kabla ya siku ya mwisho, akapiga 73, Mmarekani Scottie Scheffler akampita.

Scheffler ndiye hoja kubwa dhidi ya wote hawa. Mwaka 2025 alishinda PGA Championship kwa tofauti ya mikwaju mitano na The Open kwa minne. Akiwa kwenye kiwango hicho, wengine wanagombea nafasi ya pili.

Matt Fitzpatrick wa England hatajwi inavyostahili. Ameshalibeba taji kuu, US Open ya 2022 pale Brookline, akitoka kwenye mtego wa mchanga wa shimo la 18 kwa fimbo namba 9 hadi kwenye grini. Novemba 2025 alimshinda McIlroy mwenyewe kwa shimo la ziada Dubai. Rose alitimiza miaka 45 mwaka 2025, na mchezo bado anao: mwaka huo alimpeleka McIlroy hadi shimo la ziada Augusta, na Birkdale ndiko alikomaliza wa nne mwaka 1998 akiwa mchezaji wa ridhaa wa miaka 17. Tyrrell Hatton alimaliza wa nne Oakmont. Aaron Rai, ambaye wapenzi wa gofu Nairobi wanamkumbuka kwa kushinda Kenya Open ya 2017 Muthaiga, ana usahihi wa kutosha. Urefu wa mpigo ndio unaomrudisha nyuma kwenye viwanja virefu.

Shinnecock, usingoje Jumapili. Mtazame Fleetwood Jumamosi alasiri, grini zikianza kukauka, saa zile zile alizopiga 78. Akimaliza siku hiyo na 71 au 72, taji liko mikononi mwake.